Kujenga Upya Shule za Viunga vya Mji Baada ya Kimbunga: Mwongozo Kamili

Kimbunga kinapopiga viunga vya mji, shule huumia kwa namna mbili: jengo huvunjika na masomo hukatika. Kurudisha masomo ni kazi inayopimwa kwa siku na majuma, ilhali kurudisha jengo hupimwa kwa miezi na pengine miaka. Kamati inayozichanganya kazi hizi mbili huziharibu zote. Hupaka rangi kuta ambazo bado zimeloa ili shule ifunguliwe tarehe iliyotangazwa, au huwaacha watoto nyumbani nusu mwaka wakisubiri paa jipya. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakuu wa shule, kamati, wazazi na mafundi waliojikuta mbele ya kazi hiyo, nao unashikilia msimamo mmoja: masomo yaharakishwe, jengo lisiharakishwe.

Hatua ya kwanza: ukaguzi kabla ya mtu yeyote kuingia

Siku inayofuata kimbunga, wazazi wenye nia njema hufika shuleni na mifagio na majembe. Wazuieni kwa upole. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu na fundi mwenye sifa, gesi ifungwe, na maji yaliyotuama yachukuliwe kuwa machafu, kwa sababu mafuriko ya viungani karibu kila mara huchanganyika na maji taka, mafuta ya magari na kemikali zilizotoka kwenye stoo za nyumba. Dari iliyonyonya maji huwa nzito sana na inaweza kuanguka saa nyingi baada ya mvua kukatika.

Mhandisi au mkaguzi aliyefunzwa apite jengo kwa jengo na kubandika alama mlangoni. Utaratibu unaotumika sehemu nyingi ni wa rangi tatu: kijani kwa jengo lililokaguliwa na kuruhusiwa, njano kwa jengo ambalo sehemu yake tu inaweza kuingiwa au kwa muda mfupi tu, na nyekundu kwa jengo ambalo ni hatari. Aangalie nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye pembe za madirisha, kuta zilizoinama, udongo uliochimbwa na maji chini ya msingi, na hasa mahali ambapo kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, hukutana na kuta. Paa linaweza kuonekana limekaa sawa kumbe limenyanyuliwa na upepo na kurudi mahali pake huku misumari yake ikiwa imechomoka nusu. Alama ya kijani maana yake ni kwamba mtu anaweza kuingia, si kwamba jengo limepona, na ni vyema jambo hilo lielezwe kwa wazazi mapema ili wasidai madarasa yafunguliwe kesho yake.

Shule za zamani zina hatari ya ziada. Mabati au vigae vya asbesto vilivyovunjika havifagiliwi vikiwa vikavu wala havivunjwivunjwi ili vibebeke; hulowanishwa na kuondolewa na watu wenye mafunzo na vifaa vya kujikinga. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo kuikwangua na kupeperusha vumbi lake mahali watoto watakapokaa ni kuwadhuru.

Hatua ya pili: kuweka kumbukumbu kabla ya kusafisha

Hatua hii ndiyo hurukwa mara nyingi zaidi, na kuiruka hugharimu fedha nyingi. Kila chumba kipigwe picha zenye tarehe, kutoka pembe zote nne, pamoja na dari na sakafu. Urefu wa alama ya maji upimwe kwa futi kamba na kuandikwa ukutani na kwenye daftari. Orodha ya vifaa vilivyoharibika ionyeshe aina, idadi na umri wake. Vipande vidogo vya zulia, ubao wa dari na mbao vihifadhiwe kama sampuli, kwani kampuni ya bima au mtoaji wa ruzuku anaweza kuuliza kilichotupwa kilikuwa cha namna gani. Taarifa ya bima itolewe mara moja, hata kama hasara yote haijajulikana.

Saa za kujitolea nazo ziandikwe: nani alifanya nini, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Baadhi ya wafadhili huzihesabu kuwa sehemu ya mchango wa jamii, lakini hakuna anayeweza kuzihesabu miezi mitatu baadaye kwa kukumbuka tu.

Nyaraka za wanafunzi zinastahili uangalizi wa pekee. Rejesta, matokeo na vyeti vilivyoloa visianikwe juani vikiwa vimegandamana wala visipekuliwe kwa nguvu. Vikifungwa kwenye mifuko na kuwekwa kwenye friza, kuvu haviendelei, na wataalamu wanaweza kuvikausha polepole baadaye. Mtoto aliyepoteza nyumba asipoteze pia ushahidi wa miaka yake ya masomo.

Hatua ya tatu: kuziba, kubomoa kilicholoa na kukausha

Kuvu huanza kuota kwenye vitu vilivyoloa ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo kazi ya kwanza ya mikono ni kulifunika paa kwa maturubai yaliyofungwa vizuri na kutoa maji ndani. Zulia, magodoro ya mazoezi, mbao za dari na vifaa laini vya kuzuia joto vilivyozama hutolewa nje vyote. Kuta za bodi laini za jipsamu hukatwa angalau sentimita 30 juu ya alama ya maji, kwa kuwa maji hupanda ndani ya ubao kupita mahali pale jicho linapoyaona. Kuta za matofali ya zege yenye matundu hazikatwi, ila zinaweza kushika maji ndani kwa majuma mengi hata kama uso wake umekauka.

Kuvu kwenye sehemu ngumu husuguliwa kwa sabuni na maji kwanza. Ikiwa klorini ya nyumbani itatumika, kiasi kisizidi mililita 240 katika takriban lita 4 za maji, madirisha yakiwa wazi, na isichanganywe kamwe na dawa yenye amonia, kwani mvuke wake ni sumu. Watu wavae glavu, miwani na barakoa zinazochuja vumbi. Kupaka rangi juu ya kuvu hakuviui. Huvificha hadi watoto waanze kukohoa.

Jenereta za kuendeshea feni na mashine za kukaushia hewa ziwekwe nje, angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na kila baada ya kimbunga kikubwa huua watu waliokwisha kunusurika na upepo.

Sasa inakuja subira. Mbao za kuta na sakafu zipimwe kwa kipimo cha unyevu, na zisifunikwe kabla ya kushuka chini ya asilimia 15 au karibu na hapo. Vipimo viandikwe kila siku, mahali palepale. Shinikizo la kufunga kuta huwa kubwa wakati huu, kwa kuwa jengo lililo uchi linaonekana kama kazi iliyosimama. Ukweli ni kwamba kukausha ni kazi, na ndiyo inayoamua kama kila kitakachofuata kitadumu. Vifaa vya umeme vilivyozama, hasa kwenye maji ya chumvi, vibadilishwe badala ya kukaushwa. Kutu huendelea ndani ya swichi hata baada ya nje kung'aa.

Hatua ya nne: masomo ya muda

Wakati jengo linakauka, watoto wanatakiwa kuwa darasani. Njia ya haraka kuliko zote ni kushirikiana na shule iliyonusurika: moja inasoma asubuhi, nyingine alasiri. Kumbi za jamii, nyumba za ibada na ofisi zilizo wazi huja baada ya hapo, kisha mahema, kisha madarasa yaliyotengenezwa kiwandani. UNICEF huwa na sanduku la vifaa vya kufundishia lililopangwa kwa mwalimu mmoja na wanafunzi hadi 40, nalo huwezesha darasa kuanza hata chini ya mti. Katika viunga vya mji kikwazo kikuu huwa usafiri, si chumba, kwa sababu shule za huko mara nyingi hutegemea mabasi na magari ya wazazi, na barabara zimezibwa na miti na nyaya. Chora ramani ya mahali watoto wanapolala sasa, siyo mahali walipokuwa wakiishi, kisha chagua kituo.

Viwango vya kibinadamu vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada, vinatoa kipimo kizuri cha chini: tundu moja la choo kwa wasichana 30 na moja kwa wavulana 60, na lita 3 za maji kwa kila mwanafunzi kwa siku kwa kunywa na kunawa. Kituo kisichofikia hapo kisifunguliwe kwa sababu tu kiko tayari kwa viti.

Mara nyingi shule iliyonusurika ndiyo makimbilio ya familia zisizo na makazi. Kuzifukuza ili madarasa yaanze ni dhuluma. Kuwaacha wanafunzi bila shule kwa muda usio na mwisho nako ni dhuluma. Kaeni na uongozi wa maafa, mkubaliane mahali mbadala na tarehe ya kuhama, na tangu mwanzo mtenge baadhi ya vyumba, vyenye mlango na vyoo vyake, kwa ajili ya masomo. Walimu nao wamepoteza nyumba. Ratiba iwe nyepesi, na mwalimu apewe siku za kushughulikia makazi yake, la sivyo atahama na hatarudi.

Mambo ya muda yana tabia ya kuwa ya kudumu. Kila darasa la hema au la kiwandani lipewe tarehe ya kuondolewa iliyoandikwa, na liwe limefungwa ardhini kwa nanga, maana msimu ujao wa vimbunga unaweza kulikuta pale pale. Siku ambayo tahadhari ya upepo inatolewa, mahema yanafungwa na watoto hawakai humo.

Hatua ya tano: kuamua kati ya kukarabati, kujenga upya na kuhama

Mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa kukokotoa gharama za ujenzi, alinganishe gharama ya kukarabati na gharama ya kujenga jengo jipya la ukubwa uleule. Nchini Marekani, kwa mfano, utaratibu wa misaada ya serikali kuu huruhusu jengo lifikiriwe kubadilishwa lote pale ukarabati unapozidi asilimia 50 ya gharama ya jengo jipya. Hata mahali ambapo sheria hiyo haipo, kipimo hicho kinafaa kuanzia mazungumzo. Gharama ya ukarabati ihesabiwe pamoja na kuliimarisha jengo, kwani kurudisha paa lilelile kwa misumari ileile ni kulipia maafa yajayo.

Swali la pili ni gumu zaidi: watoto watakuwa wapi miaka mitano ijayo? Baada ya kimbunga, wapangaji huhama kwanza, wenye nyumba hurudi kwa awamu, na mitaa mipya huota mahali pengine. Jiji la New Orleans, Marekani, lilikabiliwa na jambo hili baada ya Kimbunga Katrina cha Agosti 2005, kilichofurikisha takriban asilimia 80 ya jiji. Mwaka 2010 serikali kuu ilikubali kutoa takriban dola bilioni 1.8 kwa mkupuo kwa ajili ya shule za jiji hilo badala ya kubishania kila jengo peke yake, na hivyo viongozi wa elimu wakaweza kufuata mpango mmoja wa jumla kuhusu shule zipi zirudi na wapi. Fundisho linalofaa kila mahali ni kwamba mpango wa shule zote za eneo utangulie mkataba wa jengo moja.

Swali la tatu ni ardhi. Kimbunga Haiyan kilipoipiga Tacloban, Ufilipino, tarehe 8 Novemba 2013, bahari iliyosukumwa na upepo iliingia hadi ndani ya majengo yaliyokuwa yakitumika kama makimbilio, na watu wakafia humo. Jengo imara mahali pa chini ni mtego. Katika viunga vya mji kuna pia mafuriko yasiyotoka baharini: maegesho, barabara na mapaa hayanywi maji, kwa hiyo uwanja uliokuwa salama miaka 20 iliyopita huenda leo ndio bonde la mtaa mzima. Tumieni alama za maji zilizopimwa katika hatua ya pili. Zina ukweli kuliko ramani ya zamani.

Maamuzi haya yafanywe mbele ya wazazi. Shule ikifungwa kimya kimya, mtaa hujua kwamba umeachwa, na wale waliokuwa wakifikiria kurudi hawarudi.

Hatua ya sita: fedha na zabuni

Fedha za bima, serikali, wafadhili na michango huja kwa masharti tofauti, kwa hiyo mhasibu aandae jedwali moja linaloonyesha kila kazi inalipwa na chanzo gani, ili kazi moja isilipwe mara mbili na nyingine isikose mlipaji. Bei za mbao, mabati na mafundi hupanda baada ya kimbunga. Bajeti iwe na akiba ya dharura ya angalau asilimia 10. Jihadharini na wakandarasi wanaotokea ghafla wakidai malipo makubwa ya awali kwa fedha taslimu. Zabuni iwe na michoro na orodha ya kazi na vipimo, malipo yafuate kazi iliyokaguliwa, na asilimia 5 hadi 10 ya kila malipo ishikiliwe hadi kasoro zote zirekebishwe.

Hatua ya saba: kulijenga jengo litakalosimama

Kimbunga cha daraja la kwanza katika kipimo cha Saffir-Simpson, kinachopanga vimbunga katika madaraja matano kwa kasi ya upepo, huanzia kilomita 119 kwa saa, na cha daraja la tano huanzia kilomita 252. Kasi imeongezeka mara mbili na ziada kidogo, lakini nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo jengo linasukumwa zaidi ya mara nne. Upepo huo hausukumi kuta tu. Unapopita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na mvuto huo huwa mkali zaidi kwenye pembe, kingo na kilele. Ndiyo maana uharibifu wa paa karibu kila mara huanzia pembeni.

Kila kiungo kuanzia bati hadi msingi ni pete ya mnyororo mmoja, na mnyororo hukatikia penye pete dhaifu. Mabati yashikwe kwa skrubu zenye washa (pete bapa chini ya kichwa cha skrubu) badala ya misumari laini, na skrubu ziwekwe karibu karibu zaidi kwenye kingo na pembe. Papi, yaani mbao zinazopigiliwa mabati, zifungwe kwenye kenchi kwa vipande vya chuma. Kenchi zifungwe kwenye lenta, yaani mshipi ulio juu ya kuta, kwa mikanda ya chuma iliyozungushwa na kupigiliwa, si kwa misumari miwili iliyopigwa kwa mshazari. Lenta ya zege yenye nondo izunguke jengo zima bila kukatika, na nondo za nguzo ziteremke toka humo hadi msingi. Kenchi ziunganishwe zenyewe kwa zenyewe kwa mbao za mshazari ili zisilale kama karata. Mkandarasi akisema kiungo fulani si muhimu, mwombeni aonyeshe kwa mchoro nguvu ya upepo itapita wapi bila kiungo hicho.

Kimbunga Andrew kilichopiga kusini mwa Florida Agosti 1992 kilionyesha jambo hili kwa uchungu. Wachunguzi walikuta mbao za paa zilizopigiliwa vibaya na kuta za pembetatu za mwisho wa paa zilizoanguka kwa kukosa vishikizo, katika mitaa mipya kabisa. Jimbo lilipitisha kanuni moja ya ujenzi iliyoanza kutumika mwaka 2002. Si ukubwa wa gharama uliowaponza wakazi, bali kazi iliyofichwa chini ya vigae bila kukaguliwa.

Umbo nalo lina uzito. Paa lenye migongo minne, lenye mwinamo wa nyuzi takriban 30, hustahimili kuliko paa la migongo miwili lenye ukuta wa pembetatu kila upande. Upenu uwe mfupi, na paa la baraza litengwe na paa kuu, ili likinyakuliwa lisiondoke na jingine. Mashine za viyoyozi na matangi yaliyo juu ya paa yafungwe kwa bolti, kwani yakiondoka hutoboa paa na mvua huingia hata kama mabati yote yamebaki.

Madirisha na milango hustahili fedha nyingi kuliko zinavyopewa. Kioo kimoja kikivunjika upande wa upepo, hewa huingia na kulisukuma paa kutoka ndani wakati huohuo upepo unalivuta kutoka nje. Vifuniko vya chuma vilivyotengenezwa kwa kila dirisha ndivyo bora. Panapokosekana, plaiwudi ya unene wa angalau milimita 16, iliyokatwa mapema, kutobolewa na kuandikwa namba ya dirisha lake, hufaa. Milango mipana ya ukumbi na gereji ya mabasi iimarishwe kwa fito za chuma, maana ndiyo hutangulia kufunguka.

Dhidi ya maji, sakafu iinuliwe juu ya kiwango kikubwa zaidi cha mafuriko kinachojulikana, na bodi ya umeme, seva na stoo ya vitabu viwe juu zaidi ya hapo. Sehemu ya chini ya kuta ipate plasta ya saruji au vigae badala ya jipsamu. Mifereji ipanuliwe na sehemu ya uwanja iachwe bila zege ili ardhi inywe maji. Ikiwezekana, sehemu moja ya shule, kama ukumbi au kundi la madarasa, ijengwe kwa nguvu ya kuwa makimbilio: kuta za zege, dari ya zege, vyoo vya ndani, tangi la maji na njia ya umeme wa akiba. Hilo likifanywa tangu mchoro wa kwanza ni nafuu kuliko kuliongeza baadaye, na mtaa wote hunufaika.

Hatua ya nane: usimamizi na makabidhiano

Msimamizi wa kazi asiwe mtu wa mkandarasi. Kazi yake kubwa ni kusimamisha ujenzi kabla ya kitu kufunikwa: nondo kabla ya zege, mikanda ya kenchi kabla ya dari, nyaya kabla ya plasta. Kila kiungo cha paa kipigwe picha na kuhesabiwa. Zege limwagiliwe maji angalau siku 7, na likumbukwe kwamba nguvu yake iliyokusudiwa hupimwa siku ya 28. Wazazi walio mafundi wanaweza kupewa zamu za kutazama, mradi wanaripoti kwa msimamizi na hawaamuru mafundi moja kwa moja.

Siku ya makabidhiano, kamati ipokee michoro ya jengo kama lilivyojengwa, dhamana za vifaa na ratiba ya matunzo. Mvua kubwa ya kwanza ndiyo mkaguzi mzuri: pita kila darasa inaponyesha, andika kila tone, na urudishe orodha kwa mkandarasi kabla fedha iliyoshikiliwa haijaachiliwa. Baada ya hapo, mwezi mmoja kabla ya kila msimu wa vimbunga, skrubu zilizolegea zikazwe, mifereji izibuliwe, matawi yaliyo juu ya paa yakatwe, na vifuniko vya madirisha vijaribiwe kwenye madirisha yenyewe. Nakala za michoro na picha za viungo zihifadhiwe mahali pengine nje ya shule, na angalau watu watatu wajue zilipo.